Vifuko Vilivyoamshwa Msibani

Jeneza la Longino Mapunda lilikuwa limeshafika mlangoni pale Kandida Kikoti alipojitupa chali kizingitini na kutangaza kwamba haliendi kokote.

"Huyu Mngoni alikula panya wangu wawili wa kukaanga bila hata kunikaribisha," alisema. "Siruhusu azikwe na chakula changu tumboni."

Waombolezaji wakaangua kicheko, wengine huku machozi yanawatoka, na hiyo ndiyo kazi aliyoitiwa. Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani. Tangu hapo Mngoni akifa, Mhehe huja kuwachekesha waliobaki. Mtani anaweza kuvaa koti la marehemu, kulala kaburini, kukamata kuku, sufuria, hata kitanda, mpaka agombolewe. Na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Ukimkasirikia mtani umeonyesha watu kwamba nyumbani kwenu hakuna malezi.

Kandida alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Siku za kawaida alikuwa mwanasayansi mwenye sauti ya chini na miwani inayoteleza puani, lakini msibani alikuwa mtu mwingine kabisa. Asubuhi ile alikuwa ameshavimwagia maji vivuli vya ndugu walioshindwa kusafiri, vile vya mwanga vinavyorushwa na mtambo, vilivyokalishwa kwenye viti vya mbele, kisha akalalamika kwamba Wangoni wa siku hizi hata maji hawayaogopi. Longino alikuwa rafiki yake tangu shule. Alimwita dada, mkewe Osmunda akamwita wifi, na binti yao Adelina alikua akimwita shangazi. Kulia alikuwa amelia jana yake, peke yake, bafuni. Leo ilikuwa zamu ya kuchekesha.

Alipoinuka kizingitini aliingia chumbani kutafuta kitu cha kukamata. Redio ilikuwa imeshachukuliwa na mtani mwenzake. Stuli pia. Kwenye rafu kando ya kitanda cha Adelina alimwona Mlezi.

Mlezi ni chombo cha chuma, kimo chake kama chupa ya chai, kina kidirisha cha kioo ubavuni na skrubu ya shaba kichwani. Ndani yake, kati ya tando mbili laini, kilikaa kipande chembamba cha ovari ya Adelina. Madaktari walikitoa akiwa mtoto, kabla mionzi ya kutibu saratani ya damu haijaua mayai yote yaliyobaki mwilini. Zamani vipande vya namna hiyo vilihifadhiwa pamoja katika ghala moja la barafu. Umeme ukakatika, jenereta ikagoma, na uzazi wa wasichana wa mikoa mizima ukaharibika mara moja. Baada ya hapo sheria ikasema kila familia ikae na chake nyumbani, na Kandida Kikoti akabuni Mlezi. Kwa hiyo kile chombo alikijua kuliko anavyoujua mkono wake mwenyewe. Na mtu akikijua kitu sana huacha kukiogopa. Wahenga walishasema mazoea yana taabu.

Akamfunga Mlezi mgongoni kwa kitenge na kutoka nje akicheza.

"Nimepata mjukuu!" alipiga kelele. "Nipeni kuku wawili, la sivyo naondoka naye Iringa nikamfundishe kula mbwa!"

Uwanja ukalipuka. Hata Osmunda, aliyekuwa hajainua uso tangu kuche, alicheka mpaka akashikwa bega. Kandida alipoona hivyo alizidisha madoido. Skrubu ilikuwa inamchoma kwenye uti wa mgongo, basi akapeleka mkono nyuma, akailegeza mizunguko kadhaa ili ilale. Alijua kwamba kulegea kwa dakika chache hakuna neno. Yeye mwenyewe ndiye aliyewahi kuwafundisha hivyo wazazi.

Kisha wimbo ukaanza na jeneza likaenda. Kandida alilala kaburini kifudifudi, Mlezi bado mgongoni, mpaka akatolewa kwa kuku na kibuyu cha pombe ya komoni. Akabishana na padre juu ya nafasi ya Wahehe mbinguni. Akarudi kwa miguu na wenzake, akala, akaiga kikohozi cha Longino mara ya mwisho. Alipomrudisha Mlezi rafuni na kuikaza skrubu, jua lilikuwa limeshaegemea vilima vya Matogoro. Kitu kikamfinya moyoni. Akakiambia kinyamaze, akaenda kuaga.

*

Kesho yake alimwambia Adelina amlete Mlezi kwenye kituo chao cha utafiti wa uzazi "kwa uchunguzi wa kawaida." Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Ulitoka kirahisi kiasi kwamba alijistaajabia.

Adelina, msichana wa miaka ishirini na miwili, fundi wa mitambo ya upepo, alimkabidhi chombo bila swali na kwenda kukaa kwenye benchi la nje. Mikono yake ilikuwa bado na udongo wa kaburi kwenye kucha. Kandida akafunga mlango wa maabara na kukiweka kidirisha cha Mlezi chini ya hadubini.

Yai changa la binadamu, kama la mbuzi au la panya, halikai peke yake. Hulala ndani ya kifuko kidogo sana kilichozungukwa na seli chache bapa. Ukizitazama haraka utadhani ni ukuta tu, kumbe zinasikiliza. Maadamu zimebanwa, zinakaa kimya. Zikipata nafasi hunenepa, na zikinenepa huanza kutoa protini inayolifikia yai na kulipa habari moja: amka. Ndani ya kiini cha yai kuna protini nyingine ambayo Kandida na wenzake waliipa jina la Kufuli. Ikiwa kiinini, yai limelala, na linaweza kulala hivyo miaka arobaini bila kuzeeka sana. Habari ya kuamka ikifika, Kufuli hutolewa nje ya kiini, na yai huanza kukua. Likishaanza halirudi nyuma. Hukomaa au hufa.

Mwili wenye afya huamsha vifuko vichache vichache, na vile vilivyokua hupeleka ujumbe kwa vidogo kwamba visubiri zamu. Mlezi alifanya kazi ileile kwa njia ya kubana. Tando zake zilikikandamiza kipande sawasawa na ovari changa inavyojikandamiza yenyewe, na skrubu ndiyo iliyoshika mkandamizo huo.

Kufuli ilikuwa imetiwa rangi inayong'aa kijani. Kifuko kilicholala kilionekana kama duara jeusi lenye taa katikati. Kandida akasogeza kioo taratibu. Taa hazikuwa katikati. Kijani kilikuwa kimevuja mpaka kwenye kingo za mayai, na zile seli bapa zilikuwa zimeshaanza kuvimba na kuwa za mraba. Akasogeza tena. Hali ni ileile. Pembeni kabisa aliona vifuko kadhaa ambavyo taa zake bado zimetulia, akashukuru Mungu kwa sauti. Alipovirudia baada ya kuzunguka kipande chote, navyo vilikuwa vinavuja.

Alikaa sakafuni. Hakuna mtu aliyemwona, lakini uso ulimwaka kama aliyevuliwa nguo sokoni. Aliikumbuka ile skrubu ikizunguka chini ya kidole chake, na watu wakicheka, na yeye akifurahi kwamba wanacheka.

Alipotoka nje Adelina aliinuka. "Yanaendeleaje?"

"Niachie mpaka jioni," Kandida alisema. "Nitakuja nyumbani kumwona mama."

Huo haukuwa uongo, ila ulikuwa uoga, na hakuona kama kuna tofauti kubwa.

*

Alimkuta Osmunda chumbani, kwenye godoro la msiba lililotandikwa chini, miguu ameinyoosha. Wanawake wa jamaa walikuwa jikoni nje. Kandida akapiga magoti pembeni, akasema yote kwa mkupuo mmoja, bila kupamba na bila kujitetea. Skrubu, kitenge, kaburi, komoni, hadubini.

Osmunda alipapasa ncha ya kanga yake.

"Ulikuwa unatania," alisema mwishowe.

"Nilikuwa natania, wifi, lakini..."

"Basi hakuna lakini. Mtani hana kosa. Longino angekuwepo angekucheka mpaka apaliwe."

"Nimeharibu uzazi wa mtoto wako."

"Nimesikia." Aliifunga ncha ya kanga fundo. "Unataka nifanye nini? Nikutukane? Jana wewe ndiye uliyenifanya nikumbuke kuwa nina meno. Nikikukasirikia leo, ule msiba wa mume wangu utakuwa umeingia ugomvi. Sitaki. Inuka."

Kandida alikuwa amejiandaa kwa kofi. Kofi angelipokea kwa shukrani. Huu msamaha uliotolewa kwa desturi, kama mtu anavyokaribishwa maji, ulimuumiza zaidi kwa sababu hakukuwa na namna ya kuukataa. Alijiona mdogo, na mchafu.

"Mama," sauti ilisema mlangoni. "Utani ni wako na wa baba. Mayai ni yangu."

Adelina alikuwa amesimama na sinia la maharage aliyotumwa kuchambua. Haikujulikana amesimama hapo tangu lini. Aliingia, akaliweka sinia juu ya sanduku, akafunga mlango.

"Yameamka yote, shangazi?"

"Karibu yote. Kufikia sasa, nadhani yote."

"Na hayalali tena?"

"Hayalali, mwanangu. Maji yakimwagika..."

"Usinipe methali."

Kandida akainama. Alitamani sakafu ipasuke.

"Niambie kinachowezekana," Adelina alisema. Alizungumza vilevile anavyozungumza na wateja wenye mtambo mbovu, na hilo lilitisha kuliko kelele.

"Yakiachwa pamoja yatanyang'anyana chakula na ishara, na yatakufa yote. Tukiyatenganisha sasa hivi, kila kifuko peke yake, tukayalea kwa mkono, mengine yanaweza kukomaa. Hayo tutayagandisha. Yatakuwa machache."

"Machache ni mangapi?"

"Sijui. Huenda lisipatikane hata moja."

"Nani anajua kuyalea?"

"Mimi. Nimewahi kulea ya mbuzi."

"Na Daktari Haule, mkuu wenu?"

"Haule anajua kulaza. Kituo chote kinajua kulaza, ndiyo kazi yetu. Kulea yaliyoamka nilijifunza peke yangu, baada ya saa za kazi, na wenzangu walikuwa wananicheka."

Adelina alifikiri. "Daktari Haule akijua ni wewe uliyelegeza?"

Hili ndilo swali ambalo Kandida alilibeba njia nzima bila kulitua. "Sheria ya Mlezi inasema aliyemdhuru haruhusiwi kumgusa tena, wala kushauri, mpaka baraza likae. Haule ni mtu wa sheria. Hatanionea, ila hatanipendelea."

"Na baraza likikaa?"

"Yatakuwa yameshakufa."

Osmunda akaguna. "Si ndiyo nasema? Jambo linyamaziwe."

"Kwa hiyo nichague," Adelina alisema. "Kweli au mayai."

"Nisamehe, mwanangu. Hata kosa langu nimelifanya wewe ndiye uligharimie."

"Mimi sijasema nakusamehe." Adelina alichukua punje moja ya maharage, akaitazama, akairudisha. "Unajua, sijui hata kama ninataka mtoto. Sijawahi kukaa nikalifikiria. Nilikuwa na muda. Baba alikuwa anasema, mwacheni, kilichoko rafuni hakiozi. Sasa mmeninyima hata ule muda wa kutojua."

Alisema "mmeninyima," akimjumuisha mama yake, na Osmunda akainamisha kichwa.

"Nataka hivi," Adelina aliendelea. "Nyamaza, na ufanye kazi. Yakishagandishwa, mangapi sijui, utakwenda kwa Haule, utakwenda kwa baraza, utatangaza redioni ukitaka. Mimi mwenyewe nitakusindikiza. Lakini si kabla. Watu wakikusifu, pokea. Wakikucheka, cheka."

"Nitamtazamaje Haule usoni?"

"Hilo ni lako, shangazi. Si langu."

*

Kituoni Kandida aliwaambia wenzake kwamba Mlezi wa Adelina "amelegea." Hakusema amelegezwa na nani, na kwa kuwa vitu hulegea, hakuna aliyeuliza.

Akaanza kazi. Alikichambua kipande kwa sindano nyembamba kuliko unywele, akikitoa kila kifuko na kukitia ndani ya tone lake la utelezi. Vile vilivyotangulia alivilisha ili vikimbie mbele. Majimaji yake, yenye ule ujumbe wa kuvitaka vidogo visubiri, aliyanyonya na kuvitilia vilivyochelewa. Kulala visingelala tena, lakini vingeweza kupunguza mwendo, na mwendo ukipungua alipata nafasi ya kuvifikia. Kazi hiyo haifuati kanuni iliyoandikwa popote. Unatazama seli za mraba zinavyojipanga, unatazama yai linavyong'aa au kufifia, unaamua. Ukizidisha ishara, kifuko hupasuka. Ukipunguza, husinyaa.

Vingi vilisinyaa. Kila kimoja kilipozimika Kandida alikiomba radhi kwa jina la Adelina, jambo ambalo kama angeliona mwanafunzi wake akilifanya angemwambia aende akapumzike.

Lakini vingine vilikua. Seli zilizozunguka mayai hayo ziliongezeka safu juu ya safu, na mayai yenyewe yakanenepa mpaka yakaonekana kwa jicho tupu, ukijua pa kutazama. Havikuwa vingi. Kandida aliacha kuvihesabu kwa kuogopa kijicho, yeye mwanasayansi mzima.

Daktari Haule, mkuu wa kituo, alikuwa akija kila mara kusimama nyuma yake. Alikuwa mtu mrefu, mpole, Mngoni kama marehemu. Siku moja aliwaita wafanyakazi wote maabarani.

"Mtazameni huyu mama," aliwaambia. "Chombo kimeharibika, sisi tungekata tamaa. Yeye anayatoa mayai kaburini. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Kandida alisimama katikati yao na glavu zake, akaona aibu. Aliinamisha kichwa. Wakadhani ni unyenyekevu, wakaongeza makofi. Akapokea, kama alivyoagizwa, akarudi kwenye hadubini.

Kibaya zaidi kilikuwa ukarimu wa nyumba ya Longino. Unga ulikuja. Kuku walikuja, haohao aliowadai kwa kumbeba Mlezi. Osmunda alituma salamu kila siku. Adelina hakutuma kitu, alikuja mwenyewe baada ya kazi, akavaa koti jeupe, akatazama vifuko vyake kwa muda, akauliza, "Vipi?" Kandida akajibu, "Vinakwenda," naye akaondoka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote.

Kadiri vifuko vilivyokua ndivyo Kandida alivyozidi kukosa hewa. Usingizi ulimtoroka. Alianza kuota anasema. Katika ndoto alikuwa anasema tu, kwa mtu yeyote, kwa muuza vocha, kwa ng'ombe, na kila akisema kifua kinakuwa chepesi. Akiamka kinakuwa kizito mara mbili. Alijiambia kwamba anataka kusema kwa sababu ukweli ni haki ya watu. Alijua pia kwamba hiyo si sababu yote.

*

Siku ya kuanua matanga ilifika mayai yakiwa bado kidogo tu yawe tayari kugandishwa. Uwanja wa Longino ulijaa. Komoni ilikuwa tele, vivuli vya ndugu wa mbali vikarudi kwenye viti vyao, na watani wa Iringa wakaja na nyimbo mpya za matusi. Haule alikaa meza ya wazee na kikombe chake.

Osmunda alisimama. Alikuwa amevaa nguo safi, na koti la Longino lilikuwa mkononi mwake.

"Mtani wetu alitulilia kwa kicheko," alisema, "na sasa anawalea wajukuu zetu. Sisi hatuna cha kumlipa. Avae hili, liwe lake."

Vigelegele vikapigwa. Wakamvalisha Kandida koti, wakamsukuma katikati ya uwanja aseme neno. Maneno alikuwa nayo. Alikuwa ametunga kichekesho kirefu juu ya Longino kufika mbinguni na kuuliza kama kuna panya. Akafungua mdomo. Harufu ya tumbaku ya rafiki yake ilikuwa bado kwenye kola, na kichekesho chote kikayeyuka.

Karibu na mafiga alimwona Adelina. Adelina aliuona uso wake, akaelewa kabla ya mtu yeyote, akatikisa kichwa polepole. Hapana. Kandida alikiona kichwa kile kikitikisika, na bado akasema.

"Sistahili koti hili."

"Mpeni mbwa basi!" sauti ilidakia, na watu wakacheka.

"Sikilizeni. Mlezi hakulegea mwenyewe. Nilimlegeza mimi, siku ile, nilipombeba mgongoni. Skrubu ilinichoma nikailegeza, nikalewa sifa zenu, nikasahau. Mayai ya mtoto huyu yote yaliamka. Mengi yamekufa. Nimeyaua mimi."

"Mhehe huyo!" alipiga kelele mzee mmoja akigonga fimbo chini. "Amemaliza mbwa, sasa ameingia kwenye mayai!"

Uwanja mzima ukaanguka. Watu waliegemeana. Kandida akaanza kulia, kulia kweli, mabega yakimtikisika, na mama mmoja mnene akaja mbio na kanga yake akamfuta kamasi kwa mbwembwe, akampakata kama mtoto, na kicheko kikapanda zaidi. Ngoma ikaitika.

"Si utani!" Kandida alilia. "Wallahi si utani! Kufuli zote zimetoka kiinini, nimeziona, zimetoka siku ileile!"

"Wallahi!" waliiga. "Mkatoliki gani huyu!"

Lakini pale meza ya wazee Haule alikuwa amekiweka kikombe chini. Neno hilo la Kufuli hakuna mtani wa kulitunga. Alisimama, akapita katikati ya watu wanaocheka, akafika mbele ya Kandida na kuinama ili wasikilizane.

"Kandida," alisema. "Hayo ni utani?"

Hapo tu ndipo kifua cha Kandida kilipokuwa kimeanza kuwa chepesi. Ilikuwa raha kweli, kama kuvua kiatu kinachobana. Kisha akauona mkono wa Haule umeshafunguka kidogo, kama mtu anayejiandaa kupokea funguo za maabara, na raha ile ikageuka barafu. Aliyafikiria yale matone ya utelezi, kila moja na kifuko chake, na kwamba kesho hakuna ambaye angejua kipi kilishwe na kipi kisubirishwe. Alitakiwa kusema neno moja tu, ndiyo. Desturi nzima ya babu zake ilikuwa imempangia neno hilo. Akalitafuta kinywani akalikosa. Alikuwa ameishiwa uongo wakati pekee uongo ulipokuwa na faida kwa mtu mwingine.

Haule alisubiri. Waliokuwa karibu wakaanza kupunguza kicheko, wakitazama uso wa huyu na wa yule.

Ndipo Adelina alipocheka.

Alicheka kwa nguvu, kichwa nyuma, akatoka kwenye mafiga akipiga makofi. Hakuna mtu pale aliyewahi kumwona akitania. Tangu utoto alikuwa akijificha watani wanapokuja, na baba yake alikuwa akisema huyu mtoto alizaliwa hakimu.

"Daktari!" aliita. "Na wewe na usomi wako wote umemwamini Mhehe? Jamani njooni mumwone mkuu wa kituo! Ameliwa na Mhehe!" Akazunguka uwanja akimwonyesha kwa kidole. "Mayai yangu yote ameyala huyu, ndiyo! Asubuhi alikaanga mawili, mchana akachemsha matatu! Muulizeni kama aliyatia chumvi!"

Watu walilia kwa kicheko. Ilikuwa bora kuliko vichekesho vyote vya siku ile, kwa sababu ilitoka kwake. Wanawake wakamtupia kanga. Haule alibaki ameduwaa, akamtazama msichana, akamtazama Kandida, kisha aibu ikampanda usoni, akatikisa kichwa na kuanza kujicheka mwenyewe.

"Mmenipata," alisema. "Haki ya Mungu, mmenipata." Akarudi kwenye kikombe chake huku akipigwapigwa mgongoni.

Kandida alisimama palepale. Hakuweza kumtazama msichana, na hakuweza kutazama kwingine. Alimwona akicheza, akiyataja mayai yake mbele ya kila mtu, yakikaangwa, yakichemshwa, shingo imesimama mishipa na macho yamelowa, na watu wakidhani yamelowa kwa kicheko. Kosa la kwanza lilikuwa la kusahau. Hili la pili alilifanya akiwa macho, ili yeye apumue, na aliyelilipia alikuwa yuleyule.

Ngoma ikamleta Adelina mpaka mbele yake. Akaishika kola ya koti la baba yake kwa mikono miwili, kama anayemtengeneza bibi harusi, na uwanja ukashangilia. Akamsogelea sikioni.

"Wanatutazama," alisema. "Cheka, shangazi."

Kandida akacheka.